Suiti ya Dohnányi na mtu wa tatu wa Budapest

Mwaka 1909, Ernő Dohnányi alipokuwa anamalizia suiti yake ya okestra mjini Berlin, hakuwa na haja ya kujitambulisha kwa mtu. Umri wake ulikuwa miaka 30 na ushei. Alikuwa anafundisha piano katika chuo kikubwa cha muziki cha mji huo, kazi aliyoitiwa mwaka 1905 na Joseph Joachim, mpiga fidla aliyekuwa rafiki wa Brahms. London ilishamsikia, Vienna ilishamsikia, Marekani nako alishafika na kushangiliwa. Kazi aliyokuwa nayo mezani safari hii ilikuwa na sehemu nne, ya nusu saa hivi, katika ufunguo wa F shapu maina, na ikapewa namba 19 katika orodha ya kazi zake. Kwa sisi tuliolelewa na solfa, maana yake do iko A, na wimbo wenyewe umekaa kwenye la.

Nimelitaja hilo la do na la kwa sababu ndiyo njia iliyonifikisha kwa Dohnányi. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nilijifunza kusoma muziki kama walivyojifunza wengi wetu Tanzania: karatasi iliyoandikwa kwa mkono, safu nne za sauti, herufi d r m f s l t zikitenganishwa kwa nukta na vistari, na pembeni juu mwalimu kaandika do ni ipi. Utaratibu huo ulianzia Uingereza katika karne ya 19. Mwanamama Sarah Glover aliuanzisha, Mchungaji John Curwen akaurekebisha na kuueneza, wamisionari wakaja nao huku kwetu, na hadi leo kwaya nyingi za makanisa hazijui njia nyingine. Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Kecskemét, Hungaria, nilijiandaa kuaibika mbele ya watu wanaosoma noti za mistari mitano kama gazeti. Nikakuta watoto wa shule wanaimba kwa do ile ile inayohama, na walimu wao wanatumia ishara za mikono za Curwen. Zoltán Kodály ndiye aliyezitoa Uingereza, alikoanza kwenda kwa kazi zake za muziki miaka ya 1920, akazipandikiza kwao. Shule ya msingi ya kwanza ya kuimba ilifunguliwa Kecskemét mwaka 1950, na taasisi yenye jina la Kodály ikafuata mwaka 1975, ndani ya nyumba ya zamani ya watawa Wafransisko.

Kecskemét ni mji alikozaliwa Kodály, kwa hiyo jina lake halikauki midomoni. Béla Bartók anatajwa karibu kila anapotajwa yeye. Wote wawili wanastahili. Lakini kila nilipofuatilia maisha ya mmoja wao nilikuta kuna mtu wa tatu aliyetangulia kufika, aliyewafungulia mlango, aliyeshika fimbo ya kuongoza okestra siku kazi zao ziliposikika mara ya kwanza, na mara moja aliyepoteza cheo kwa kukataa kumfukuza mmoja wao. Huyo ni Dohnányi. Nikaanza kumtafuta kwenye maktaba, na kazi ya kwanza iliyonikamata ilikuwa hii Suiti namba 19.

Alizaliwa tarehe 27 Julai 1877 Pozsony, mji wa kando ya mto Danube ambao Wajerumani waliuita Pressburg. Leo ndio Bratislava, makao makuu ya Slovakia. Enzi hizo ulikuwa mji wa Hungaria wenye lugha tatu, Kijerumani, Kihungaria na Kislovaki. Baba yake alifundisha hisabati katika shule ya sekondari na alipenda mno kupiga chelo. Ndiye aliyemkalisha mwanawe kwenye piano. Baadaye mtoto akakabidhiwa kwa Carl Forstner, mpiga kinanda wa kanisa kuu la mji. Katika shule hiyo hiyo ya sekondari akaja kusoma Bartók, aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka minne, na Dohnányi alipoondoka, Bartók ndiye aliyekalia kiti chake cha kupiga kinanda katika kanisa la shule.

Kuondoka kwenyewe kulikuwa kwa namna yake. Kijana wa Pozsony mwenye kipawa cha muziki kwa kawaida alipelekwa Vienna, mji mkuu wa dola ya Austria na Hungaria, uliokuwa karibu sana. Mwaka 1894 Dohnányi akaamua kwenda Budapest. Miaka mitano baadaye Bartók naye alikuwa amekubaliwa Vienna, tena kwa ufadhili. Akamwomba Dohnányi ushauri, akaambiwa aende Budapest, akaenda. Wanahistoria huupitia ushauri huo kwa mstari mmoja. Mimi naona ulistahili sura nzima. Bila kijana huyo wa miaka 20 na ushei kumwelekeza mwanafunzi wa sekondari, huenda Bartók na Kodály wasingekutana mapema vile, na habari ya muziki wa Hungaria wa karne ya 20 ingesomeka vingine.

Chuo walichokwenda kilianzishwa mwaka 1875, rais wake wa kwanza akiwa Franz Liszt. Dohnányi alifundishwa piano na István Thomán, mwanafunzi wa Liszt mwenyewe, na utunzi na Mjerumani Hans Koessler. Koessler ni mtu wa kumkumbuka: katika darasa lake walipita Dohnányi, Bartók, Kodály, Leo Weiner, na hata Emmerich Kálmán aliyekuja kuwa mfalme wa opereta. Aliwafundisha wote muziki kwa mtindo wa Kijerumani, Brahms akiwa ndiye kipimo. Na Brahms mwenyewe alipoiona kwinteti ya piano ya Dohnányi, kazi yake namba 1 ya mwaka 1895, aliisifu na kusaidia ipigwe Vienna. Dohnányi alikuwa bado mwanafunzi.

Jengo la sasa la chuo, lililofunguliwa mwaka 1907, nililifahamu vizuri. Kutoka Kecskemét nilikuwa nashukia kituo cha Nyugati, naelekea Oktogon, kisha hatua chache hadi uwanja wa Liszt. Juu ya mlango Liszt ameketi, kazi ya mchongaji Alajos Stróbl, na ukiingia ndani unakutana na vigae vya Zsolnay vinavyometa kuanzia ukutani hadi kwenye nguzo. Tiketi za wanafunzi zilikuwa za nafasi za juu kabisa, ambako unaona kichwa cha kondakta na mikono ya wapiga ngoma, basi. Lakini sauti inafika yote.

Turudi kwenye miaka iliyotangulia suiti, maana hapo ndipo njia za hawa watatu zilipoachana. Kiangazi cha mwaka 1904 Bartók alikuwa Gerlicepuszta, kaskazini mwa Hungaria ya wakati ule, akijitayarishia matamasha yake, akamsikia yaya wa nyumba ya jirani, Lidi Dósa kutoka Transylvania, akimwimbia mtoto. Wimbo ule haukufanana na chochote kilichopigwa na bendi za mikahawani ambazo Ulaya nzima iliziita muziki wa Kihungaria. Mwaka uliofuata Kodály akaingia vijijini kukusanya nyimbo, na mwaka 1906 wakatoa pamoja kitabu cha nyimbo 20. Walitembea na fonografu na silinda za nta, wakilala kwa wakulima na kuwabembeleza bibi vizee waimbe mbele ya pembe ya mashine. Mwaka 1907 huko Transylvania Bartók alikuta nyimbo za kale za noti tano, na muziki wake haukurudi tena ulikokuwa. Sisi wenye nyimbo za noti tano, Wagogo na Wasukuma na wengine, hatuhitaji kuelezwa kwa nini alishtuka.

Dohnányi hakuwepo katika safari hizo. Alikuwa Berlin na wanafunzi wake, na ratiba ya kupiga piano mji baada ya mji. Kazi zake zilichapishwa kwa jina la Ernst von Dohnányi. Nyumbani kulikuwa na watoto wawili wadogo, Hans na Grete. Katika hali hiyo akaandika suiti isiyo na wimbo wa kijijini hata mmoja ambao sikio langu limeweza kuutambua, na baadaye jambo hilo likahesabiwa dhidi yake.

Suiti ni vipande kadhaa vya muziki vinavyopigwa kwa kufuatana. Zamani za Bach vilikuwa ngoma za kucheza, allemande, courante, sarabande, gigue, kila moja na mwendo wake, zote katika ufunguo mmoja. Simfoni ilipotawala majukwaa, suiti ikasahauliwa kwa muda, halafu ikarudi katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kwa wengine ilikuwa njia ya kuokoa muziki wa tamthilia au baleti ili upigwe ukumbini. Kwa wengine, kama Tchaikovsky aliyeandika suiti nne za okestra kati ya 1878 na 1887, ilikuwa nafasi ya kuandikia okestra kubwa bila kubeba mzigo wa Beethoven. Dohnányi alishaujua mzigo huo. Simfoni yake ya kwanza, ya mwaka 1901, ni ndefu na nzito, kazi ya kijana anayetaka kuthibitisha kila kitu kwa pamoja. Katika suiti hathibitishi kitu. Anaandika kama mtu aliyeshiba ujuzi, na naamini ndiyo sababu inasikika vizuri kuliko simfoni ile.

Sehemu ya kwanza ni wimbo mmoja wa polepole unaofuatwa na mageuzo yake. Wimbo wenyewe ni wa utulivu, na kinachovutia ni namna anavyoutoa: vyombo vya kupuliza vya mti vinasema, nyuzi zinajibu, kisha vya kupuliza tena. Mwalimu yeyote wa kwaya anajua mchezo huo wa soprano na alto kuanza, na teno na besi kupokea. Baada ya hapo anaanza kuugeuza. Mara mwendo unaharakishwa, mara wimbo unazama chini ya mapambo, mara pembe zinauchukua na kuupa ukali. Nilipokuwa na partitura, yaani noti za vyombo vyote, mezani nilijaribu kuufuata kwa kuandika solfa pembeni kwa penseli, na nikagundua kwamba hata pale ninapoamini ameuacha kabisa, mifupa yake ipo: hatua zile zile za noti, zimefichwa katika sauti ya kati ambayo msikilizaji haiangalii. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesomeshwa na Koessler na kumheshimu Brahms, mwenye sikio la okestra ambalo Brahms mwenyewe, nasema kwa heshima zote, hakuwa nalo. Rangi za okestra ya Dohnányi ziko wazi. Hakuna tope.

Skezo inayofuata ni ya haraka na nyepesi, ya kuonyesha vidole vya wapigaji. Inapita upesi na haidai zaidi ya hapo.

Ya tatu inaitwa Romanza, na kama ningeruhusiwa kubeba sehemu moja tu ningebeba hii. Nyuzi zinadonolewa kwa vidole bila upinde, kama mtu anayepiga gitaa barazani baada ya chakula cha usiku, na juu yake obo inaimba peke yake. Wimbo hauna haraka, na kila ukidhani umefika mwisho wa sentensi unaongeza hatua moja. Baadaye chelo inapewa nafasi, na nyuzi zilizokuwa zinadonoa zinaanza kuimba kwa upinde, hapo ukumbi unajaa. Mimi hapo hufikiria baba yake wa Pozsony na chelo yake. Sina ushahidi kwamba mtunzi alifikiria hivyo, ni mawazo yangu tu, lakini watunzi wachache wa kizazi kile waliiandikia chelo kwa upendo kama yeye.

Sehemu ya mwisho ni rondo, yaani wimbo mkuu unaorudi kila baada ya kutoka matembezini. Ina mbio na furaha ya kweli. Karibu na mwisho, katikati ya shangwe, ule wimbo wa utulivu wa sehemu ya kwanza unatokea tena, na hapo ndipo unatambua kwamba sehemu nne zilizoonekana kila moja na mambo yake zilikuwa safari moja.

Wakati Dohnányi anaandika hayo, Ulaya ilikuwa inavunja nyumba. Januari 1909 Dresden ilishtushwa na Elektra ya Richard Strauss. Vienna, mwaka huo huo, Arnold Schoenberg alikuwa anaandika muziki usio na ufunguo kabisa. Bartók alikuwa amemaliza kwateti yake ya kwanza ya nyuzi. Aliyekaa Berlin hakuweza kukosa habari hizo, na Dohnányi alizijua. Aliamua kwamba lugha aliyorithi ilikuwa bado na mengi ya kusema. Kosa la wahakiki waliokuja baadaye ni kuuchukulia uamuzi huo kuwa ni uvivu. Sikiliza namna obo na nyuzi zinavyopishana katika Romanza, kisha uniambie uvivu uko wapi.

Suiti ilisafiri. Okestra ya Chicago chini ya Frederick Stock iliirekodi mwaka 1928, katika santuri zile za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo kila upande ulibeba dakika nne hivi. Kampuni isingekubali gharama ya kugawa nusu saa ya muziki katika pande nyingi namna hiyo kama hapakuwa na wanunuzi. Siku hizo, jina la Dohnányi liliuza tiketi kuliko la Bartók.

Mwaka 1915, vita ikiendelea, aliacha usalama wa Berlin akarudi Budapest. Hapo ndipo alipojitoa kwa nchi yake kwa namna ambayo haionekani kwenye orodha ya kazi zake. Mapema mwaka 1919 aliteuliwa kuwa mkuu wa Chuo cha Muziki, Kodály akiwa naibu wake. Machi mwaka huo wakomunisti wa Béla Kun walichukua serikali, na tarehe 1 Agosti wakaanguka. Utawala uliofuata ulianza kusaka watu waliofanya kazi chini yao, na Kodály akawa katika orodha. Dohnányi alitakiwa amfukuze, akakataa. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameondolewa yeye, na nafasi yake ikapewa mpiga fidla Jenő Hubay. Kodály alisumbuliwa kwa uchunguzi na kuzuiwa kufundisha kwa muda mrefu, lakini hakuachwa peke yake. Ninapowafundisha watoto ishara za mikono za do, re, mi, hilo la mwaka 1919 huwa nalisimulia. Njia ya ufundishaji tunayoisifu kwa jina la Kodály ilipitia mikononi mwa mtu aliyekubali kupoteza kazi kwa ajili ya mwenzake.

Mwaka huo huo wa 1919 Dohnányi akawa kondakta mkuu wa okestra ya Filamoni ya Budapest, iliyoanzishwa mwaka 1853 na Ferenc Erkel, na akaiongoza hadi 1944. Hungaria ilikuwa imeshindwa vitani. Mkataba wa Trianon wa tarehe 4 Juni 1920 uliinyang'anya theluthi mbili za ardhi yake, Pozsony ikiwemo. Budapest iliyojaa wakimbizi na ufukara iliendelea kuwa na muziki, na kwa sehemu kubwa ilikuwa juu ya huyu mtu mmoja, aliyepiga piano usiku mmoja na kuongoza okestra usiku mwingine. Bartók mwenyewe, akiandika kwa wasomaji wa nje, alisema hivyo bila kuzunguka.

Tarehe 19 Novemba 1923 mji uliadhimisha miaka 50 tangu Buda, Óbuda na Pest kuunganishwa. Watunzi watatu waliombwa kazi mpya, wale wale watatu. Dohnányi akaleta Ovacha ya Sherehe, Kodály Psalmus Hungaricus, Bartók Suiti ya Ngoma. Aliyeongoza tamasha ni Dohnányi. Psalmus ikawa ushindi wa Kodály. Suiti ya Bartók haikuandaliwa vya kutosha, ikapokewa kwa ubaridi, na Bartók aliumia. Ni hadi ilipopigwa Prague mwaka 1925 ndipo dunia ilipoielewa. Lawama ya usiku ule kwa kondakta ni ya haki, siifichi. Ndani ya suiti hiyo Afrika ipo: baadhi ya nyimbo zake Bartók alizitunga akiwa na sikio la muziki wa Waarabu alioukusanya Biskra, Algeria, mwaka 1913.

Ukiziweka suiti hizo mbili pamoja, ya 1909 na ya 1923, unaona umbali uliopitiwa katika miaka 14. Ya Dohnányi inafunga mlango wa karne ya 19 kwa adabu, ya Bartók imeshatoka nje zamani. Lakini Dohnányi alijifunza kwa wenzake pia. Ruralia Hungarica yake ya mwaka 1924, nayo ni mfululizo wa vipande, imejengwa juu ya nyimbo za wakulima. Aliendelea kuwapigia wenzake kazi zao: tarehe 23 Oktoba 1933, katika miaka 80 ya Filamoni, ndiye aliyeongoza mara ya kwanza Ngoma za Galánta za Kodály, ambazo leo hupigwa kila pembe ya dunia.

Machi 1944 Wajerumani waliingia Hungaria. Hadi wakati huo Dohnányi alikuwa amewabakisha wanamuziki Wayahudi katika okestra yake licha ya sheria za kibaguzi. Baada ya hapo aliona haiwezekani tena, akaivunja okestra. Mwezi Novemba, Warusi wakikaribia na Budapest ikiwa mikononi mwa mafashisti wa Kihungaria wa Szálasi, alikimbilia Austria na familia yake. Safari hiyo ya kuelekea magharibi ndiyo iliyommaliza. Vita vilipokwisha alituhumiwa kuwa mshirika wa mafashisti. Hapakupatikana ushahidi wa kumtia hatiani, lakini tuhuma za namna hiyo hazihitaji ushahidi ili zizibe milango, na kila alipoandaliwa tamasha zilimtangulia.

Na wakati huo huo wa mwisho wa vita alikuwa baba aliyefiwa. Hans, yule mtoto aliyekuwa na miaka 7 suiti ilipomalizika, alikulia Berlin, akawa mwanasheria, akamwoa Christine Bonhoeffer, dada wa mchungaji Dietrich Bonhoeffer. Ndani ya idara ya ujasusi ya jeshi la Ujerumani alifanya kazi ya siri ya kumpindua Hitler, na aliwavusha Wayahudi hadi Uswisi kwa karatasi alizozipanga yeye. Alinyongwa Sachsenhausen Aprili 1945, siku zile zile shemeji yake aliponyongwa Flossenbürg. Mwaka 2003 Yad Vashem ilimtambua kuwa mmoja wa Wenye Haki kati ya Mataifa. Mwana mwingine wa Dohnányi, Mátyás, alifia katika kambi ya wafungwa ya Warusi. Ninaposoma waandishi wanaomweka baba yao upande wa wauaji kwa sentensi moja, natamani wangesoma ukurasa mmoja zaidi.

Dohnányi mwenyewe alikwenda Argentina, kisha mwaka 1949 chuo kikuu cha jimbo la Florida, Tallahassee, kikampa kazi. Mtu aliyekuwa roho ya muziki wa mji mkuu akafundisha wanafunzi wa mji mdogo wa kusini mwa Marekani kwa miaka 10, kwa moyo, bila kulalamika hadharani. Miongoni mwa wanafunzi wake wa Budapest walikuwa Georg Solti, Annie Fischer na Géza Anda. Hungaria ya wakomunisti haikumtaja ila kwa shida, na jina lake likatoweka kwenye majukwaa ya nyumbani kwa miaka mingi. Alifariki New York tarehe 9 Februari 1960, alikokwenda kurekodi kazi za piano za Beethoven, akiwa na miaka 82. Tuzo ya Kossuth, heshima kubwa ya taifa lake, alipewa mwaka 1990, miaka 30 baada ya kuzikwa. Mjukuu wake Christoph, mtoto wa Hans, alikuwa kondakta aliyeongoza okestra kubwa za Ulaya na Marekani.

Katika historia ya muziki tunawapenda wavunja njia, na ni sawa. Ninachokataa ni kuwaondoa waliobaki kuilinda nyumba ili wavunja njia wawe na mahali pa kurudi. Kati ya kazi zote za okestra za Dohnányi, kwangu Suiti namba 19 ndiyo bora, hata kuliko yale mageuzo yake ya mwaka 1914 kwa piano na okestra juu ya wimbo wa watoto yanayojulikana zaidi. Inapatikana kwa urahisi kwenye intaneti, katika rekodi za okestra kadhaa. Anza na Romanza, sehemu ya tatu, peke yake. Ikikushika, rudi mwanzo na usikilize zote nne bila kukatiza, kisha mwalimu mwenzangu, uwachezee vijana wa kwaya yako na uwaambie mtunzi ni nani.